Somo Lililokaribia Kufutwa Mbeya

Ipo asubuhi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, ambayo siwezi kuvumilia isimuliwe vibaya. Nasikia siku hizi inasemwa kwamba mkutano wetu wa walimu wa kompyuta ulianza na wageni wenye mada ndefu. Si kweli. Ulianza Iringa, na walimu wachache wa hesabu ambao wengi wao kompyuta yenyewe walikuwa hawajaiona. Tulifundishana kuipangia maagizo kwa chaki tu. Desturi ilikuwa moja: mwenye somo analifundisha, na wenzake wote, hata wakuu wa shule, wanakaa madawatini kama wanafunzi.

Mkutano ulipokua ukahamia Mbeya, wakaalikwa wakubwa kutoka wizarani. Hapo kamati ikaona aibu. Mwenyekiti wetu, Mzee Kalinga, akaniagiza mimi katibu nilifute somo la Mwalimu Tusekile, ambaye alikwisha kufika kutoka Ilula na tenga la nyanya za kufundishia, ili mada zote za wageni zipate nafasi. Nilimjibu kwa adabu kwamba somo likifutwa, atafute na katibu mwingine.

"Kijana, wageni watatucheka."

"Wakae nao madawatini, mzee, tucheke pamoja."

Mzee akaenda mwenyewe kumwomba mgeni rasmi akae dawati la mbele.

Tusekile akaandika maagizo ubaoni, akamfanya mgeni huyo kuwa mashine ya kuyafuata: ashike nyanya mbili, azilinganishe, iliyo kubwa aiweke kulia, aendelee hivyo mpaka zote zikae kwa mpangilio. Mgeni akaichagua kubwa kuliko zote kwa kuitazama tu. Walimu wakamkatiza: "Mashine haina macho, baba!" Akaanza upya, mtiifu kabisa, mara akasimama na nyanya mikononi.

"Mwanafunzi, mbona umeganda?"

"Hizi zinalingana, mwalimu. Sina agizo."

Agizo hilo Tusekile hakuwa ameliandika. Akageukia ubao, akaliongeza mbele yetu sote, nasi tukanakili. Mchana mada zilisomwa. Hakuna aliyezikatiza, wala hakuna iliyosahihishwa. Jioni Mzee Kalinga akatangaza kwamba desturi ya madawati itabaki, popote mkutano utakapohamia.

Basi, mwanangu, mkutano sasa ni wenu. Ukuzeni, alikeni mnaotaka. Lakini ile saa ambayo mwalimu anakosolewa na wenzake, kazi ikiwa bado mkononi, msiiachie. Atakayetaka kuifuta mkatalieni kwa adabu, na msirudi nyuma. Mungu awajalie wanafunzi wasioogopa kuwauliza, na ninyi awape moyo wa kugeukia ubao mbele yao.