Barua Ambayo Haikuingia Daftarini

Ofisini walimwita Mama Mihuri, na jina hilo halikuwa la dhihaka. Mihuri yote mitano ya Wakili ilikaa kwenye droo yake, ufunguo wa droo ulikaa kwenye pochi yake, na pochi haikutoka begani. Mtu akitaka hati yake ya kiapo igongwe, alimsubiri. Wakili mwenyewe alimsubiri.

Miaka kumi na tisa. Walianza wawili, chumba kimoja juu ya duka la rangi, meza moja na mashine moja ya kuchapa. Mama Mihuri alikuwa ameishia kidato cha pili. Mama yake alipopooza alitafutwa mtu wa kubaki nyumbani kumuuguza, na mtu huyo, kama ilivyo kawaida ya mambo haya, akawa binti mkubwa. Baadaye alisomea uchapaji miezi sita. Mengine yote aliyaokota kwa macho na masikio: hati ya madai inaanzaje, hoja gani itangulie, hakimu yupi hapendi maneno mengi. Kufikia mwaka wa nne Wakili alikuwa akisema tu, "Dada'angu, niandalie majibu ya ile kesi ya ukuta," kisha anaelekea mahakamani kwa kesi nyingine. Akirudi, hati iko tayari, imekosa sahihi tu.

Na sahihi ilitiwa hivi. Kila asubuhi saa tatu, Mama Mihuri aliweka mbele yake jalada jekundu lenye hati za siku. Wakili alitia sahihi huku anaongea na simu, ukurasa baada ya ukurasa, bila kusoma. "Nikisoma kazi yako nitakuwa nakutukana," alikuwa akisema. Mwanamke wa watu aliyachukua maneno hayo kuwa ni mapenzi ya kindugu.

Barua yoyote iliyotoka iliingia kwanza daftarini: namba, tarehe, inakwenda kwa nani, inahusu nini, nani kaichapa. Chini kabisa ya barua ziliandikwa herufi kubwa za mwanzo wa jina la aliyeitunga, alama ya mkwaju (/), kisha herufi ndogo za mwanzo wa jina la aliyeichapa. Zile ndogo zilikuwa zake siku zote. Barua isiyo daftarini, aliwaambia makarani wapya, ni umbea uliopigwa muhuri.

Alipofika miaka thelathini na sita alirudi kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukumbi mmoja na binti yake wa kumzaa. Binti alifaulu. Mama aliangushwa na hesabu. Mwaka uliofuata hesabu ikamwangusha tena, na binti akageuka mwalimu, mkali kweli, anamgongea meza kwa rula. Mara ya tatu akapita chupuchupu. Akaunganisha cheti cha sheria cha masomo ya jioni, miaka miwili. Ukivitandaza vyeti vyake mezani ni kama shuka la viraka: kila kimoja na mahali pake, na kati ya kimoja na kingine miaka mitupu.

Chuo kikuu kilikuwa na nafasi chache za sheria kwa watu wazima waliosoma kwa kuungaunga namna hii. Sharti lilikuwa moja zito: mwajiri aandike barua ya siri, aipeleke mwenyewe, athibitishe kwamba mwombaji ameifanya kazi ya sheria na ana uwezo wa kuisomea.

Alimwambia Wakili asubuhi, baada ya jalada jekundu. Wakili alisimama, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili. "Umechelewa tu, dada'angu. Barua niachie mimi. Hii sikupi uichape, maana najua utajipunja."

Wakacheka. Kilemba cha ukoka hicho, na kilimkaa vizuri kweli. Alirudi mezani kwake akagonga mihuri siku nzima huku anaimba kwa pua.

Usaili ulikuwa Jumatano. Watu watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, katikati mwenyekiti wa jopo, profesa mwenye miwani ya kamba. Walimuuliza habari za kesi, na kesi ndiyo chakula chake. Aliwaeleza tofauti ya zuio la muda na la kudumu kwa mfano wa majirani wawili na ukuta wao, hadi mhadhiri kijana aliyekaa pembeni akaacha kuandika, akawa anasikiliza tu. Ndipo profesa akamsogezea karatasi.

"Hii huwa hatuwaonyeshi waombaji," alisema. "Lakini kuna jambo linatushangaza. Soma."

Ilikuwa barua ya Wakili. Ilisema kwamba mama huyu ni mchapaji hodari na mtu mwaminifu. Ilisema kwamba, hata hivyo, kwa miaka yote aliyokaa naye hajaona kwake akili ya kuhimili masomo ya sheria. Kwamba anayoyajua ni ya kunakili, si ya kufikiri. Na kwamba ingekuwa huruma kumwacha pale anapofaa.

Alisoma mara mbili. Kilichomuuma zaidi ni lile neno kunakili, maana hata hati iliyompa Wakili jina mjini, ile ya ukuta, aliitunga yeye kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

"Hizi herufi ndogo hapa chini ni zako?" profesa aliuliza.

"Ni zangu."

"Kwa hiyo uliichapa mwenyewe. Ukaona inasema nini, na ukaiacha itoke bila kugusa neno."

Walikuwa wakimtazama kwa heshima, wote watatu. Aliielewa heshima hiyo mara moja. Angejibu ndiyo, angekuwa mtu wa ajabu, mwaminifu wa kupitiliza, na kiti chuoni angekipata palepale.

"Hapana, Profesa. Sikuichapa mimi," alisema. "Hii namba, mia mbili kumi na nne, ni ya barua yangu kwa kampuni ya bima, ya mwezi wa tatu. Ameifungua kwenye kompyuta, akafuta maneno yangu, akaandika yake. Huku chini hakufuta. Hajawahi kuchapa barua tangu nimjue, hawezi kujua kwamba kuna cha kufuta."

Mhadhiri kijana aliinamisha uso. Profesa alivua miwani. "Nakuamini. Lakini fomu haina mahali pa kuandika kwamba nakuamini. Lete barua nyingine ya mwajiri, yenye sahihi yake, kabla ya Ijumaa saa tisa. Bila hiyo, mama, mikono yetu imefungwa."

Nyumbani alimkuta binti yake anapiga pasi sare ya kazini. Alimsimulia yote akiwa bado amesimama mlangoni. Binti aliisimamisha pasi.

"Mama, si anatia sahihi bila kusoma? Chapa barua ya kweli, ichomeke katikati ya zingine. Hujadanganya mtu. Kila neno litakuwa kweli."

"Ndiyo, kila neno."

"Sasa?"

Mama aliingia ndani, akaketi. Shukrani ya punda ni mateke, hilo alilijua tangu utoto, ila punda wa kwenye methali humpiga mtu teke mbele ya macho yake. Huyu wake alikuwa amemshika mikono kwanza.

Alhamisi alifika ofisini kabla ya wote. Akachapa barua ya mistari tisa, bila sifa: alianza mwaka fulani, ameandaa hati za aina hii na hii, kesi fulani na fulani maandalizi yalikuwa yake. Akaipa namba, akaiingiza daftarini, akaiweka ya tano kati ya hati saba za siku hiyo. Mpaka hapo, niseme ukweli, alikuwa amekusudia kufanya kama binti alivyosema.

Saa tatu Wakili aliingia, simu sikioni, tabasamu usoni. Akaifunika simu kwa kiganja. "Dada'angu, vipi chuoni? Wamesemaje?"

"Wanasubiri barua."

"Barua? Si nilishapeleka?"

"Ulipeleka."

Akarudi kwenye simu. Akatia sahihi ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku anamcheka mtu wa upande wa pili. Ya nne. Akafunua ya tano, kalamu ikagusa karatasi. Mama Mihuri akaweka kiganja chake juu ya barua.

"Hii soma."

"Si umeshaisoma wewe?"

"Soma na wewe."

Akakata simu. Alisoma polepole, kama mtu ambaye kusoma kumempitia kando muda mrefu. Alipofika mwisho hakuinua macho.

"Wamekuonyesha," alisema.

"Wamenionyesha."

"Sikukutakia mabaya. Nilijiuliza, wewe ukiondoka, hapa patabaki nini? Mimi nitakuwa nani?"

"Hayo ungeniambia mimi. Ungeniomba nisiende, na mimi, kwa ujinga wangu, huenda nisingekwenda. Lakini umekwenda kuwaambia watu sina akili."

Feni iligeuka huku na huku. Wakili aligusa ukingo wa karatasi. "Ungeniacha tu nitie sahihi. Nisingejua."

"Najua."

Akatia sahihi. Ilimchukua muda, na haikufanana sana na zile nne za kwanza. Barua hiyo ilifika chuoni siku ileile kabla ya saa sita, na nafasi aliipata. Nalisema hilo hapa kwa sababu halikumfuta machozi kama mnavyodhani.

Alikuwa bado na jambo moja. Alileta daftari, akalifungua mbele ya Wakili, akamwekea kalamu. "Kuna barua imetoka humu ofisini bila kuingizwa. Iingize."

Wakili aliandika tarehe. Akaandika jina la chuo. Kwenye safu ya inahusu nini alisita. "Niandike nini?"

"Ulichoandika."

Akaandika. Katika safu ya mwisho, ya aliyechapa, palipokuwa na herufi za mtu mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza, aliweka herufi zake mwenyewe, ndogo, zimepinda.

Mama Mihuri alisubiri wino ukauke. Akautoa ufunguo wa droo kwenye pochi, akauweka juu ya daftari, akachukua barua yake, akashuka ngazi. Alikuwa amefika mlangoni mwa duka la rangi aliposikia anaitwa kutoka juu.

"Dada'angu!"

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiitika kabla neno hilo halijaisha. Alisimama kidogo, mkono kwenye pochi, akamsikia anaita mara ya pili. Kisha akatoka, akavuka barabara.