Njia ya Shianda Iliyopatikana kwa Kula

Niliondoka Sigalagala kwa sababu ya mama yangu. Miaka ile sukari ilikuwa imeshamiri, malori yakishuka kwenda Kisumu mchana kutwa, na wenye maduka wa soko letu wakataka uwanja wa katikati, pale mama anapouzia ndizi, uwe wa kuegesha malori. Kura ingepigwa Jumamosi. Nami nilikuwa nimesikia kwamba Shianda, kwenye miwa yenyewe, watu wa miguu na baiskeli wamejipatia njia yao na uwanja wao. Weh! Mimi fundi wa baiskeli nikae tu na habari kama hiyo?

Alfajiri nilipanda baiskeli. Kakamega mjini nikanywa chai ya haraka, nikashika barabara ya Mumias. Huko sasa! Miwa kushoto, miwa kulia, na trekta zikivuta matela yaliyojaa hadi mabua yanaburutika chini. Kila ilipopita moja niliingia kwenye nyasi, nikaitukana, nikarudi barabarani.

Shianda nilifika jua likiwa utosini. Karibu na soko, ng'ambo ya mtaro na safu ya miti michanga, nikaona njia ya udongo ulioshindiliwa vizuri, pana ya kutosha baiskeli mbili kupishana na mama mwenye mzigo kichwani. Nikaachia breki, nikapiga kengele bila sababu, furaha tu! Njia haikulikwepa soko. Iliingia katikati, ikapinda kuzunguka mabenchi ya magogo na mtungi wa maji, hata mwenye haraka akalazimika kupunguza mwendo na kusalimia. Trekta zilinguruma kule mbali, na hakuna aliyezijali.

"Mulembe, mwanangu. Umetoka mbali, kaa kwanza," akasema Mama Roda, muuza uji. Nikakaa, nikamuuliza njia waliipataje.

"Kwa kula."

"Kwa kura?"

"Kwa kula!" Akacheka mpaka akashika meza. "Mwenyekiti wa soko alituma mtu atangaze kura: uwanja upewe trekta ama watu. Sasa huyo mtu, ulimi wake haujui ra. Akazunguka akiita, 'Jumamosi, kula uwanjani!' Sisi wamama tukasema, kama ni kula, nani atapika? Tukaleta obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kutosha. Watu wakaketi chini, wapita njia wakaketi, baiskeli zikalazwa kila mahali, trekta ikakosa pa kupita. Mwenyekiti analia, 'Kura, si kula!' Tunamwambia, 'Tunakula, mzee!' Mikono ilipoinuliwa ilikuwa na mchuzi, na hakuna hata mmoja uliotaka trekta. Mtaro wa kuzuia trekta tukachimba wenyewe. Siku hizi tunakulanga hapa kila Jumamosi."

Nililala kwake, na asubuhi nikarudi nyumbani nikikanyaga kwa nguvu. Nikakuta mwenyekiti wetu, mwenye duka kubwa, anatafuta mtu wa baiskeli atangaze kura. Nikajitolea haraka! Nikazunguka kila kijiji nikiita, "Jumamosi, kula uwanjani!"

"Sema kura!" akanifokea.

"Si ndiyo hiyo, mwenyekiti? Kula!"

Jumamosi mama alifika wa kwanza, sufuria kichwani. Kufikia adhuhuri uwanja ulikuwa umejaa. Nilichojifunza Shianda nikakiona kwetu: siku zote tulikuwa tunapita tu pale, hatujawahi kukaa pamoja, ndiyo maana wenye maduka waliona ni rahisi kuutoa. Lori likaja, likapiga honi, hakuna aliyeinuka. Dereva akashuka amenuna, na mama akamwonyesha pa kunawa mikono.

Kura ya kuwaachia watu uwanja ilipoitwa, mikono yote ikapanda, na wa dereva pia.

Mwenyekiti akaruka kwa hasira. "Wewe si wa hapa! Huna kula hapa!"

"Nitakosaje, mzee?" dereva akajibu, akiinua sahani tupu. "Nimekula na nimeshiba."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mwenyekiti mwenyewe akashindwa kujizuia. Jumatatu mama alitandaza ndizi zake pale pale, nami nikachukua jembe kuanza mtaro.