Siku Niliyomkosoa Profesa kwa Sura Moja

Mkasa huu nimeuficha karibu mwaka mzima kwa aibu, lakini kwa kuwa wenzangu wa chuo wameanza kuutia chumvi, afadhali niuseme mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha theolojia huku Nyegezi, na mwalimu wetu, Mchungaji Maduhu, alinipa kitabu cha profesa mmoja mama wa Bukoba, kinachohusu wazee wetu waliokufa kabla Injili haijawafikia, akanitaka nikichambue asubuhi mbele ya chuo kizima, halafu mchana mwandishi mwenyewe angefika na basi kuzungumza nasi. Nilikaa nacho wiki mbili nikasoma sura ya kwanza tu (nilijiambia sura ya kwanza ndiyo hubeba hoja, zilizobaki ni mifano), na kwa kuwa ilisema wazee wale wote wamepotea, nikaandaa maneno makali ya kuipinga. Tena nikamwita baba kutoka Magu aje anisikie.

Nikaanza vizuri. Nikasema mwandishi amemeza mafundisho ya wamisionari bila kutafuna, theolojia yake ni ya kuazima, na anamtupa motoni hata bibi yake mzaa mama. Wanafunzi wakapiga makofi, nami makofi yakaniongezea maneno, mpaka mama mmoja aliyeingia nimeshaanza, akakaa nyuma na begi lake, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mama, karibu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hayo ya kupotea yapo sura ya kwanza. Ya pili inasemaje?"

Ningekiri kwamba sijaisoma, yangeishia hapo. Mimi nikajibu, "Inaendelea vilevile. Pengine mama hujapata nafasi ya kukisoma."

Mchungaji Maduhu akasimama taratibu. "Mgeni wetu amekuja na meli badala ya basi, ndiyo maana amewahi," akasema. "Huyu ndiye aliyekiandika."

Profesa hakunigombeza. Alikuja mbele, akafungua sura ya pili, akaniambia niisome kwa sauti. Nikasoma, kumbe yote ya sura ya kwanza yalikuwa maneno ya watu anaowapinga, na hapa alikuwa anaeleza habari za bibi yake, aliyelea yatima sita akafa bila kubatizwa, na kusema kwamba yeye haamini Mungu alimpita mtu yule bila kumwona.

Nilipoinua macho nikamwona baba ametoa leso anajifuta machozi. Mama yake naye alikufa hajabatizwa, na kanisani hakuna aliyewahi kumwambia baba neno la namna hiyo.

Nje nilijiandaa kusemwa. Baba akauliza kitu kimoja tu: "Hizo sura zilizobaki, unaweza kunisomea?"

Tulizisoma zote kabla hajarudi Magu. Tangu hapo nikiulizwa habari za kitabu ambacho sijakimaliza, nasema sijakimaliza, hata kama anayeuliza ni mwalimu na darasa zima linanitazama.