Ndama Mwenye Makengeza

Nilipokuwa mtoto nilimdanganya bibi yangu siku ya mfungo, tena mbele ya Mungu. Naamini nimeshasamehewa, lakini kosa ni kosa, nalisema.

Sisi ni Mabaniani wa Unguja, tuliohamia Wembley, London, baada ya Mapinduzi. Watu wetu walikodi ukumbi wakaufanya hekalu, ila nyuma ya sanamu ya Krishna palikuwa ukuta mtupu. Basi Babu Kanji, mzee wa jumuiya yetu aliyerithi uchoraji kwa baba yake, akahamia sebuleni kwetu na kitambaa kirefu, akaanza pichwai, yaani pazia la kutundikwa nyuma ya Mungu: mayungiyungi, Krishna, ng'ombe kumi na wawili na ndama mmoja. Miezi minne tulinyata humo ndani. Jioni akilikunja kama mkeka.

Macho huchorwa mwisho. Kabla ya macho ni kitambaa tu. Baada yake, waliochorwa wanakuona. Siku ya kuyafungua, nyumba nzima hufunga kula mpaka jicho la mwisho, ndipo huja karamu, na bibi alinionya: "Jicho likifunguliwa na mkono uliokula, litamwandama mwenyewe mpaka aseme."

Siku ikafika. Babu Kanji akamaliza wote, akabakisha ndama, akaenda kupumzisha mgongo. Mimi, wa miaka saba, nilishakula bajia jikoni kwa siri, na bado nilikuwa na njaa. Nikaona karamu nzima inangoja ndama tu! Nikachovya brashi. Jicho moja likatazama mlango, la pili likatazama pua.

Bibi akaingia, akashika kichwa.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, Bibi."

"Umekula?"

"Sijala."

Akamgeukia Babu Kanji, aliyekuja mbio kusikia sauti yake. "Kama kala, pazia limenajisika. La kutoswa mtoni hilo."

"Kesho sikukuu, Bi Jamna," akasema mzee. "Miezi minne!"

Nikasogea kulia. Jicho likaja. Nikasogea kushoto. La pili likanipokea.

"Nimekula!" nikapiga kelele. "Bajia! Tatu! Mwambieni asinitazame!"

Babu Kanji akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Bi Jamna, tunatundika. Tunawachora ili waone watu. Ndama huyu hata hekaluni hajafika, keshakamata mwizi!"

Bibi alijikaza, akashindwa. "Na makengeza yake hayo!" Akacheka kashika kiuno, kisha akanisukumia sahani. "Kula, mnafiki wewe. Mfungo wako ushauvunja."

Wajukuu zangu huniambia kila picha ukiitazama, nayo hukutazama wewe. Huenda. Mimi sikusoma sana. Ila tangu siku ile, nikisikia Mungu anaona, sitetemeki. Nakumbuka watu wazima wawili wakicheka, na mimi katikati yao nimeshaungama, moyo mwepesi.

Juzi nimesikia kamati ya hekalu inatafuta fundi wa kumnyoosha yule ndama macho. Nia yao njema. Wewe unayesoma, kama unasikilizwa pale, tafadhali waambie wamwache hivyo hivyo.