Shamba Lake Kwanza

Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko ya wanawake wote wa bonde lile, ndiyo maana wakamwita Chapachapa. Jina hilo alipewa na mjomba wa mumewe, mwenye shamba kubwa la mahindi kando ya barabara. Alilitoa kama sifa, mbele za watu, na kila alipomsifu alimwongezea mistari ya kupalilia.

"Huyu akiingia shambani," alikuwa akisema, "magugu yanajing'oa yenyewe kwa woga."

Watu walicheka. Chapachapa naye alicheka, akiwa ameinama.

Tangu aolewe mambo yalikwenda namna moja. Mahindi ya nyumbani yaliisha kabla mvua hazijaanza. Kihenge kikibaki vumbi, Mjomba, maana kijiji kizima kilimwita hivyo, alileta debe la mahindi mpaka mlangoni. Hakudai fedha. "Sisi ni ndugu," alisema. "Mvua ikinyesha tutasaidiana." Mvua iliponyesha, kusaidiana kulikuwa kwa upande mmoja. Palizi ya kwanza haimsubiri mtu. Mahindi yakichipua, magugu huchipua nayo, na anayechelewa huvuna majani. Siku zile zile ambazo shamba lake lilimhitaji, Chapachapa alikuwa kwenye shamba la Mjomba, pamoja na wanawake wengine waliokula madebe yake. Alipopata nafasi ya kurudi kwake, magugu yalikuwa yameshamfika magotini, na katikati yake mahindi yamesimama membamba, ya manjano. Alivuna kidogo. Kidogo kikaisha mapema. Mjomba akaja tena na debe.

Mumewe alikuwa mchimba visima hadi siku ukuta wa kisima ulipomwangukia mgongoni. Baada ya hapo aliweza kusokota kamba, kupika, kuogesha watoto na kutania watu. Kuinama hakuweza. "Mimi sasa ni mwanamume wa kusimama tu," aliwaambia wageni, "kama nguzo ya umeme, ila umeme ndio hakuna."

Kisha zikaja zile fedha. Mradi ulipita kijijini, ukaandikisha kaya zilizozidiwa, na fedha zikawa zinaingia kwenye simu ya mwanamke mwenyewe, kwa awamu, bila masharti. Hayo maneno "bila masharti" yalirudiwa mno mkutanoni, hata watu wakaanza kuyatilia shaka.

Awamu ya kwanza ilifika njaa ikiwa imekolea. Huyu alinunua mabati, yule mbuzi. Chapachapa alinunua mahindi. Aliyapanga magunia ndani ya chumba cha kulala, watoto wakawa wanalala ubavu kwa ubavu na chakula. Msichana wa mradi alipokuja kukagua, alitazama paa, lilikuwa lile lile la nyasi. Akatazama uani, hakukuwa na mbuzi.

"Mama, umenunua nini?"

"Chakula."

"Na kingine?"

"Chakula kingine."

Mume akacheka kwa sauti kule jikoni. Msichana akatabasamu kwa adabu. "Lakini mama, cha kula kinaisha. Sisi tunapenda tuone kitu."

"Njoo wakati wa palizi," akasema Chapachapa. "Utakiona."

Mjomba naye alifika na debe lake kama kawaida. Chapachapa akamkaribisha kiti, akampa maji, akamwambia safari hii ampelekee mwingine. Mjomba akasema aliache tu, ndugu hawahesabiani. Chapachapa akalinyanyua debe mwenyewe, akamsindikiza nalo mpaka barabarani.

Mvua ikanyesha. Mahindi yakatoka ardhini, mabichi, madogo, na Chapachapa akaingia shambani kwake. Kwake, si kwa mtu mwingine. Udongo ulikuwa laini bado. Magugu yalikuwa machanga, jembe likiyagusa tu yanalala. Mstari ambao miaka yote ulimla siku nzima, akiung'ang'ania kama anayeng'oa mizizi ya mti, sasa aliumaliza jua halijapanda. Akamaliza mwingine. Akasimama, akageuka kutazama nyuma, na hapo ndipo hasira ilipompata.

Kumbe ilikuwa hivi tu?

Miaka yote alijiona mtu asiye na bahati. Aliambiwa shamba lake limechoka, mbegu zake mbovu, mumewe amerogwa. Shamba halikuwa limechoka. Lilikuwa linangoja mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kwa Mjomba. Alimfikiria binti yake wa kwanza, ambaye wenzake darasani walimpita kwa kimo wote, hata wale aliowazidi umri. Akamfikiria yule mtoto aliyemzika akiwa bado ananyonya, mwaka ambao maziwa yalimkauka. Akainama tena, akapalilia kwa nguvu hata akakata mche mmoja wa mahindi. Akajitukana.

Mjomba akatokea kwenye kijia, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mkwe. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sikukuona kwangu, nikadhani umelazwa."

"Niko kwangu."

"Kwako kutakimbia?"

"Kwani kwako kutakimbia?"

Mjomba akacheka kidogo, akaangalia pembeni kama kuna mtu wa kumsaidia kucheka. "Wenzako wako kule, hawatoshi. Magugu yananimeza."

"Nikimaliza hapa nitakuja. Kwa malipo ya siku, mkononi."

"Mimi na wewe tumefikia malipo?"

"Tumefikia, Mjomba. Tulichelewa tu."

"Hizo fedha za watu zimekupanda kichwani."

"Zilianza na tumbo," akasema Chapachapa, akaendelea na jembe.

Wapo watu wazuri, wenye elimu, wanaouliza kila mara: maskini akipewa fedha mkononi, si atakuwa mvivu? Nimelisikia swali hilo ofisini, redioni, hata kwenye chakula cha jioni kwa watu ninaowaheshimu. Sijamsikia hata mmoja akiuliza habari za yule ambaye hajashika jembe miaka na miaka, na shamba lake ndilo safi kuliko yote.

Wiki zilizofuata mradi ulirudi, ukaitisha mkutano darasani ili wanakijiji wenyewe wathibitishe nani anastahili kuendelea kupewa. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mjomba akasimama. Hakupaza sauti. Hajawahi kupaza sauti.

"Nasema kama mzazi," alisema. "Msaada huu ni wa wasiojiweza. Sasa anayekataa kazi, hapo kuna njaa kweli? Mtu akiwa na njaa, huchagua shamba?"

Watu wakanung'unika kukubali. Chapachapa akainuka.

"Kazi sijakataa. Nimelima tangu tone la kwanza. Nikipalilia kwako naitwa mchapakazi, nikipalilia kwangu naitwa mvivu. Jembe ni lile lile, Mjomba. Mgongo ni huu huu."

Nyuma mtu akacheka, akakatiza. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa na shamba kubwa na naye msimu ule alikosa vibarua, akagonga meza. "Mama, kaa chini. Hatukuja kubishana. Wanaoona aondolewe, mikono juu."

Mbele kabisa alikaa wifi yake, dada wa mumewe. Wawili hao walipalilia mistari iliyopakana kwa Mjomba tangu Chapachapa ni bibi harusi, walichangia maji ya kunywa na nyimbo za kutukana jua. Wifi akamtazama Mjomba. Akatazama dawati. Akainua mkono. Wanawake wengine wa palizi walipoona wifi yake mwenyewe ameinua, nao wakainua.

Msichana wa mradi alikuwa na macho mekundu. Alisema huo ni uamuzi wa jamii, yeye hana mamlaka ya kuuingilia. Jamii! Ile jamii iliyokaa pale ilikuwa na debe la mtu mmoja tumboni.

Hakupata awamu nyingine. Lakini shamba lilikuwa limeshapaliliwa, na hilo halikupigiwa kura. Alivuna mpaka kihenge kikamwagika, mumewe akalazimika kusokota kamba za kufungia magunia yaliyobaki. Msimu wa njaa ulipokuja, nyumba yao ilikuwa na moshi asubuhi na jioni. Hasira haikupungua. Alikuwa ameshiba na amekasirika, mambo ambayo zamani hakujua yanaweza kukaa pamoja.

Asubuhi moja wifi yake alisimama mlangoni na sufuria tupu. Kihenge chake kilikuwa kimefika chini, na Mjomba alikuwa ameshatuma salamu kwamba atapita na debe.

"Hodi, wifi."

"Sema kwanza ulifanya nini."

"Wifi, jamani..."

"Sema."

"Niliinua mkono. Debe lake lilikuwa bado tumboni. Ningefanyaje?"

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Huo huo ndio ulioniletea sufuria?"

Mume wa Chapachapa akakohoa kutoka jikoni. "Mama, mtu asisimame mlangoni kama mkaguzi. Mwingize au mfukuze, uji unaungua."

Chapachapa hakumwingiza wala hakumfukuza. Alikwenda kutazama kihenge. Kilichomo kingewafikisha kwenye mavuno mengine bila kumwinamia mtu. Kikigawanywa, kingetosha nyumba zote mbili kwa kubana sana, na mvua ikichelewa kidogo tu, yeye mwenyewe angerudi kwenye shamba la Mjomba, huku bonde zima likimtazama. Alitoka na gunia begani, akalibwaga miguuni kwa wifi yake.

"Utakula hiki mpaka palizi. Debe la Mjomba usiliguse. Ukiligusa, usije hapa hata kuomba chumvi."

"Na nitakulipaje? Nije nipalilie kwako?"

"Nani amekwambia kwangu?" Chapachapa alikuwa karibu kupiga kelele. "Kwako! Palilia kwako, mwanamke! Hujawahi hata siku moja kuliona shamba lako likiwa safi."

Mvua ilichelewa, wakabana, wakabana tena, kisha ikanyesha. Chapachapa alimaliza shamba lake, akabeba jembe, akaenda kwa wifi yake bila kuitwa. Waliingia mstari kwa mstari. Mjomba alipita barabarani na mikono yake nyuma, akasimama, hakuna aliyemsemesha, akaenda zake. Jua likawa kali, wakafika katikati ya shamba.

"Bado umekasirika?" wifi akauliza.

"Sana," akasema Chapachapa, bila kuinua kichwa. "Na hapo nyuma yako umeacha magugu."