Mama Mkwe Mwenye Kuchapa Mawe

Papa Télesphore aliziba mitumbwi kwa pamba na lami ufukweni Kalemie, kazi ya mtu asiyependa maneno. Siku ile aliuacha mtumbwi ukiwa umezibwa nusu, akapanda nyumbani, maneno yamemjaa hadi kooni.

Alikuwa ametoka kuitwa shuleni na Mwalimu Pascaline. Binti yake Ornella, wa miaka sita, alikuwa ameanguka wakati wa mapumziko, akakaa pale pale. Wenzake waliingia darasani, yeye amekaa. Alikuwa akingoja mtu aje aichape ardhi iliyomwangusha.

"Papa, hii ni mara ya nne," mwalimu alimwambia. "Ikifika ya tano, namurudisha kwa watoto wadogo wa maternelle, wasioanza bado shule. Hapa niko na watoto sitini, sina mukono wa kuchapa udongo."

Aliyemzoesha hivyo alijulikana. Tangu Mama Séraphine, mama mkwe wake, aje kutoka Zongwe kulea mjukuu, hakuna jiwe lililopona pale uani. Mtoto akijikwaa, bibi mbio na kijiti: "Jiwe baya! Nimelichapa! Basi, nyamaza." Mlango ulishachapwa. Mbuzi wa jirani, ambaye hata hakuwa karibu, naye alichapwa.

Na mama mkwe utamwambiaje? Kwao mwanaume hamtazami usoni, sembuse kumkemea. Papa Télesphore akasimama uani, akaugeukia ukuta, akamwita mtoto.

"Ornella, umuambie nkambo yako, mwalimu amechoka."

Ornella akakimbia jikoni kwa bibi, akarudi. "Nkambo anasema, huyo mwalimu amezaa wangapi?"

"Umuambie, mutoto akianguka, amuache ainuke mwenyewe."

Akaenda, akarudi. "Anasema, wewe ulipoanguka kwa mutumbwi mwaka jana, nani alikuchemshia maji ya kukanda mugongo?"

Papa Télesphore akauma meno. Mama gani huyu! "Umuambie, mimi sikungoja mutu achape mutumbwi!"

Mtoto akakimbia tena, akajikwaa kizingitini, chini pu! Akakaa. Akafungua mdomo, akangoja. Mama Séraphine akatoka na kijiti, macho kwenye kizingiti.

"Mama, acha!"

Sauti ilimtoka kabla ya adabu. Mama Séraphine akaganda, kijiti hewani. Wakatazamana uso kwa uso, mara ya kwanza tangu ndoa, na aibu ikawashika wote wawili hata wakamsahau aliye chini.

Ornella akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakuna aliyekuja. Akafunga mdomo, akashika mlango, akainuka, akapangusa goti.

"Nkambo," akasema, "baba anasema yeye hakungoja mutu achape mutumbwi."

"Nimesikia." Mama Séraphine akageuza uso pembeni, lakini safari hii alimjibu mkwe mwenyewe. "Na kwa kunipigia kelele, utaleta kuku. Mwenye kutaga."

"Nitaleta wawili, mama," Papa Télesphore akauambia ukuta, "kama hicho kijiti kitaingia motoni."

Mama Séraphine akasonya, akakivunja kijiti gotini, akarudi jikoni, akakisukuma motoni chini ya sufuria.

"Wawili," akasema. "Ukuta umesikia."