Makande ya Watafiti

Bi Hidaya wa Malindi, ile ya milimani, si ya pwani, hakuwa na ugomvi na mtu mpaka chuo kikuu kilipokuja kupima kuni zake. Alikuwa mjane, akiishi peke yake kwa kulima viazi na kabichi. Kibali cha msitu kilimruhusu kuokota kuni kavu siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Zilimtosha kwa shida, maana baridi ya kule juu haina huruma.

Mwalimu wa chuo, Benjamini, alikuja na wenzake watatu na mizani ya kuning'iniza. Asubuhi walipima mzigo, jioni wakapima mabaki, wakaandika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hata siku ya kumi na mbili walipewa sahani. Kila mchana Bi Hidaya aliwapikia makande, na makande hayaivi kwa kubembelezwa. Mahindi na maharage yalitokota tangu alfajiri, kuni zikiteketea, na Benjamini hakuona haya kuomba aongezewe.

Miezi sita baadaye ripoti ilisomwa ofisi ya kijiji, Benjamini na wanakijiji wakiwepo. Mjane mmoja, ilisema, anachoma kuni za watu watano. Bwana misitu akamfutia Jumamosi papo hapo.

Bi Hidaya alisimama.

"Watu watano ni mimi na nyie wanne! Mmekula nyie, mkaniandikia mimi!"

Benjamini alifunua daftari. Uso ukamshuka.

"Mama, mbona hukutuambia tuondoe kwenye hesabu kuni za chakula chetu?"

"Mgeni ana kijiko mdomoni, nimhesabie kuni? Umelelewa wapi wewe?"

Wanawake waliguna. Hakuna mtu Malindi ambaye angefanya hivyo, na msomi mzima hakulijua hilo. Alikiri kosa, lakini ripoti ilikuwa imeshafika wilayani. Wangepima upya mwakani. Mwakani! Kana kwamba tumbo husubiri.

Jumamosi ya kwanza bila kuni, Benjamini alipanda mlima kwenda kuomba radhi. Alimkuta uani amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama."

Hiyo ni salamu ambayo huku hata mwizi akiitoa huitikiwa. Bi Hidaya alichukua kiazi kingine, akaanza kukimenya. Benjamini akairudia, safari hii ameinama kabisa. Bi Hidaya aliendelea kumenya viazi ambavyo hakuwa na kuni za kuvichemshia.